Jinsi ya kuachia gemu ya onlaini huku vitu vingine vinakuja baadae

Hii ni kwa wale mnaotengeneza gemu ya simu ya kuchezwa na watu wawili au zaidi kwa mtandao, mko wachache, labda uko peke yako na laptop yako, na una orodha ndefu ya vitu unavyotaka kuweka ila ukisema usubiri vyote viishe hutoachia kamwe. Nitatumia mfano wa drafti maana kila mtu anaijua, ubao wa vyumba 64, kete 12 kila upande, ukifika mwisho unakuwa kingi. Kama wewe unatengeneza mbio za bodaboda sijui mpira, badilisha tu maneno, njia ni ile ile.

Kwanza tukubaliane kwamba kutoa gemu ikiwa bado changa sio dhambi, wakubwa wanafanya kila siku. Minecraft watu walianza kuichezea Mei 2009 ikiwa haina hata nusu ya vitu vyake, toleo kamili likaja Novemba 2011. Among Us ilivotoka Juni 2018 ilikuwa na ramani moja na mlicheza mkiwa mmekaa sehemu moja, ya onlaini ikaja baadae, umaarufu wenyewe ukaja 2020 na watengenezaji walikuwa watatu tu. Kwa hiyo kutoa kidogo hakuna shida. Shida ni kutoa kidogo ambacho kimevunjika, au kutoa kidogo wakati umeshatangaza kikubwa.

Kitu kimoja kiishe kabisa

Kwa drafti kitu hicho ni mechi moja. Watu wawili wasiojuana, kuanzia wanabonyeza "cheza" mpaka mmoja anashinda, bila kukwama popote. Chati (wachezaji kutumiana meseji), marafiki, ligi, mashindano, ubao wa rangi rangi, vyote nje kwa sasa. Lakini hiyo mechi moja iwe imeiva kwelikweli: mtandao ukikata katikati mechi isife, mpe mtu sekunde 60 arudi, na akirudi akute kete ziko vile vile alivyoziacha na ajue zamu ni ya nani.

Ili hilo liwezekane ubao lazima ukae kwenye seva, yaani kompyuta yako ya mtandaoni ambayo simu zote zinaunganika nayo, usikae kwenye simu. Simu inatuma ombi tu, nataka kutoa kete hapa niipeleke pale, seva inaangalia kama inaruhusiwa, ndo inawajulisha wote wawili. Ukiiachia simu iamue, wiki ya kwanza haiishi kuna mjanja ana kingi wanne kabla hajasogeza hata kete moja. Na ukisema utahamisha maamuzi kwenye seva baadae, ujue hapo huongelei apdeti, unaongelea kuandika gemu upya.

Vitu ambavyo havionekani ila lazima viwemo siku ya kwanza

Hapa ndo pa kukaa sana, maana vitu vingi vya kuja baadae vinakwama kwa sababu toleo la kwanza halikuacha nafasi ya kuvipokea. Watu wanahangaika na rangi za vitufe, haya wanayapita.

Namba ya toleo. Kila simu ikiunganisha na seva ijitaje, mimi ni toleo la 7, na seva iwe na majibu matatu: endelea, au lipo jipya ila unaweza kucheza, au sasisha kwanza ndo uingie. Ni kazi ya nusu siku tu. Usipoiweka kwenye toleo la kwanza kabisa, wale waliopakua hilo toleo huna tena njia ya kuwaambia kitu, simu zao zitabaki zinagonga seva yako na maelezo ya kizamani mpaka siku wanaifuta. Na watu wetu hawasasishi ovyo bwana, mtu anapimia bando la wiki, apdeti za otomatiki alishazima zamani, kwa hiyo hesabu kwamba muda wowote utakuwa na matoleo mawili au matatu yanacheza kwa pamoja na seva iyahudumie yote. Neno "sasisha kwanza" litunze kwa dharura tu, kila ukilitumia kuna watu wanaondoka na hawarudi.

Linaloendana na hilo: simu ikipokea kutoka kwenye seva kitu isichokijua, isigande, ikiruke. Leo seva inatuma "kete imesogea" na "mechi imeisha", mwezi ujao itatuma "umealikwa kwenye mashindano" na simu ya toleo la kwanza haijui mashindano ni nini. Ipite tu iendelee na maisha.

Swichi. Kila kipengele kipya kiingie ndani ya gemu kikiwa kimezimwa na kiwashwe kutoka upande wako. Unaweza kujitengenezea orodha fupi kwenye seva, au ukatumia Remote Config ya Firebase, huduma ya Google ya kubadilisha mipangilio ya gemu ukiwa mbali. Raha yake ni kwamba mashindano yanaweza kukaa kwenye simu za watu wiki mbili hayaonekani, unawawashia wachache kwanza, yakileta shida saa tano usiku unazima palepale bila kusubiri Play Store ipitie toleo jipya.

Sheria kwenye kumbukumbu ya mechi. Drafti ina ubishi usioisha, mtaa huu kete ya kawaida inakula kurudi nyuma, mtaa ule haili, pengine usipokula ulichotakiwa kula kete yako inachukuliwa, pengine unalazimishwa ule. Ukiachia gemu tu utapata maoni "hii sio drafti" kutoka pande zote mbili. Usijaribu kuwaridhisha wote siku ya kwanza. Chagua sheria moja, iandike wazi kwenye ukurasa wa maelezo, ila kila mechi inayohifadhiwa iwe na sehemu imeandikwa imechezwa kwa sheria ipi, hata kama kwa sasa jibu ni lile lile kila mechi. Siku ukileta sheria ya pili pointi za zamani hazitachanganyika na mpya na huhitaji kugusa kumbukumbu hata moja. Ujanja huu unafaa kwa chochote unachojua kitakuja kuwa zaidi ya kimoja, ramani, lugha, sarafu, idadi ya wachezaji.

Akaunti. Usifanye namba ya simu ndo jina la mtu ndani ya mfumo. Watu wana laini mbili tatu, laini inapotea, namba inakuja kupewa mtu mwingine. Mpe kila mchezaji namba yako ya ndani, muache aingie kama mgeni acheze hata dakika hii, halafu baadae akitaka kulinda pointi zake ndo aunganishe barua pepe au namba. Na kumbuka Play Store wanataka gemu yenye akaunti iwe na njia ya mtu kufuta akaunti yake, ndani ya gemu na pia kwenye ukurasa wa wavuti, usije kulikuta hilo dakika ya mwisho.

Nakala ya data kila siku, sawa kila mtu anajua. Ila hebu irudishe mara moja kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka.

Kupita Play Store

Kujisajili ni dola 25 mara moja, Apple ni dola 99 kila mwaka, kwa hiyo wengi tunaanza na Android na ndo simu zilizojaa mtaani. Kinachowashangaza watu ni hiki: kama akaunti yako ni ya mtu binafsi na umeifungua baada ya tarehe 13 Novemba 2023, huruhusiwi kuachia kwa umma mpaka uwe umefanya majaribio ya faragha (closed testing, wanaingia uliowaalika tu) na watu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Mfululizo. Ukikusanya 12 kamili, shemeji akajitoa siku ya tisa, umeshajiletea shida, we kusanya 20 au 25 tangu mwanzo, watie kwenye grupu la WhatsApp na uwawekee saa ya kukutana, tuseme saa mbili usiku, kwa sababu gemu ya watu wawili haijaribiki kama kila mtu anaingia kwa wakati wake na kukuta hakuna mtu.

Na wape kazi maalum. "Jaribuni mniambie" haileti kitu, utaambiwa iko poa mkuu. Waambie leo kila mtu azime data katikati ya mechi awashe tena. Kesho kila mtu apigiwe simu akiwa kwenye zamu yake. Keshokutwa cheza na chaji asilimia 5 na simu imewasha kubana matumizi ya betri. Tafuta angalau watu watatu wenye simu za RAM ndogo zilizojaa picha mpaka hazina nafasi, hao ndo wateja wako halisi kuliko wewe na simu yako.

Kitu kingine, ile njia ya kuachia kwa asilimia kidogo kidogo ipo kwa apdeti tu, toleo la kwanza kabisa haina. Ila nchi unachagua. Anza na nchi moja, iwe Tanzania au Kenya, kaa nayo, halafu ndo ufungue zingine. Supercell, kampuni kubwa ya gemu za simu, na hela zao zote gemu yao ya Brawl Stars waliitoa Juni 2017 kwa kuanzia Canada, wakabadilisha mpaka namna ya kushika simu, mwanzo ilichezwa simu ikiwa wima wakaja kuilaza, dunia nzima ikaipata Desemba 2018. Miezi kumi na nane.

Jambo la mwisho la Play Store, hakuna kurudi nyuma. Ukitoa toleo bovu unaweza kusimamisha lisiendelee kusambaa, lakini waliolipata wamelipata, inabidi upandishe toleo jipya lenye namba kubwa zaidi hata kama ndani ni ile programu ya juzi. Ndo maana nimekazania swichi.

Kwa wa gemu za kompyuta, Steam, duka lao kubwa la mtandaoni, ni dola 100 kwa kila gemu, unasubiri siku 30 tangu ulipe na ukurasa wa "inakuja" ukae wazi si chini ya wiki mbili. Wana mpango unaitwa Early Access wa gemu ambazo hazijaisha na wenyewe wanakuonya usiahidi vitu maalum vya mbele, na usiingie kama huwezi kuendelea kutengeneza hata mauzo yakiwa karibu sifuri. Ushauri mzuri sana hata kwa ambaye hatagusa Steam maishani.

Seva iwe wapi

Kwa drafti wala usiumize kichwa, kuchelewa robo sekunde hakuna atakayejua, weka Ulaya kama ni bei rahisi. Kwa mbio au mapigano ndo utaangalia Cape Town ambako AWS, seva za kukodi za Amazon, wako tangu 2020, au Johannesburg ambako Azure ya Microsoft na Google wapo. Ila usifikiri Afrika Kusini ni karibu kwa maana ya usalama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingine. Huwezi kuzuia hayo. Unachoweza ni gemu itofautishe maneno, "intaneti yako imekata" na "seva yetu ina tatizo" ni sentensi mbili tofauti, na uwe na sehemu ya kutangaza nje ya seva yako, chaneli ya WhatsApp inatosha, maana seva ikilala na tangazo likiwa humo humo limelala nalo.

Foleni, adui mkubwa wa vitu vipya

Hili watu hawalifikirii mpaka limewakuta. Chukulia una watu 40 wako onlaini saa tatu usiku, ambayo kwa mwanzo ni nzuri tu. Foleni, yaani wanaosubiri kupewa mpinzani, ikiwa moja, mtu akibonyeza cheza anapata mpinzani ndani ya sekunde chache. Sasa umeleta sheria mbili za drafti, halafu mchezo wa haraka na wa taratibu, halafu wa pointi na wa kirafiki. Mbili mara mbili mara mbili, foleni nane, watu watano kila moja kwa wastani, na nusu yao wapo katikati ya mechi. Mtu anasubiri dakika tatu anaangalia duara linazunguka, anatoka, foleni inazidi kukauka. Yaani umeongeza vitu na gemu imekuwa mbaya zaidi.

Kwa hiyo ukipanga cha kuleta baadae, anza na vile ambavyo havigawi watu. Chumba cha kumualika rafiki kwa link hakigawi, tena kinaleta watu wapya, kwangu mimi hicho ndo kiwe namba moja. Kurudia mechi na mtu yule yule, kuangalia mechi iliyopita, rangi za ubao, orodha ya waliofanya vizuri wiki hii, vyote havigawi. Mtindo mpya wa kucheza unagawa, na kama lazima uje basi ufungue kwa saa maalum, ijumaa usiku mchezo wa haraka, basi, wengine wote wanabaki foleni moja. Asubuhi ambako hakuna mtu weka kompyuta icheze, ila iandike wazi kwamba ni kompyuta. Watu wakigundua wamefungwa na roboti mwenye jina la Juma na picha ya mtu hawakuamini tena.

Unachoahidi na unachokaa nacho

No Man's Sky, gemu ya kusafiri kwenye sayari za angani, ilitoka Agosti 2016. Watu walikuwa wameaminishwa wanaweza kukutana humo ndani, siku ya kwanza tu wachezaji wawili wakaenda mpaka sehemu ile ile ya sayari ile ile na hawakuonana. Makelele yake yalikuwa makubwa, mpaka mamlaka ya matangazo ya Uingereza ikachunguza ukurasa wao wa Steam, ingawa iliamua haukupotosha. Walichofanya baada ya hapo ndo cha kujifunza, walinyamaza, wakawa wanatoa apdeti kubwa bila kumlipisha mtu zaidi, na Julai 2018 kucheza pamoja kwa maana kamili kukaingia. Sifa ikarudi, lakini iliwachukua miaka, na wao walikuwa wameshauza nakala nyingi za kuwawezesha kusubiri. Wewe huna huo muda.

Maelezo ya gemu yako dukani yaandikwe kwa vilivyopo leo tu. Hivi: "Cheza drafti na mtu yeyote mtandaoni. Mechi moja kwa moja, sheria moja, mtandao ukikata una sekunde 60 za kurudi. Tunaendelea kuongeza vitu, maoni yako tunayasoma." Basi. Usiandike mashindano yanakuja, usiweke picha ya ukurasa ambao haupo, na usiweke kitufe cha kijivu kimeandikwa "hivi karibuni", kile kitufe kinazeeka vibaya sana. Orodha ya yajayo ikae kwako. Ukitaka kuwaonesha watu, onesha kitu ambacho tayari watesti wako wanakichezea, na tarehe usitaje.

Kuuza kitu ambacho hakipo, yaani mtu analipa leo kwa ajili ya ligi ya miezi mitatu ijayo, hapana. Uza rangi ya ubao ambayo anaiona akilipa. Na kama kwenye ndoto zako kuna mashindano ya kiingilio cha hela na mshindi anachukua hela, simama hapo. Play Store wanahesabu hiyo kama kamari ya pesa halisi hata kama drafti ni akili tupu, na Tanzania kuna Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa hiyo hicho sio kipengele cha apdeti, ni biashara nyingine yenye leseni yake na mwanasheria wake. Zawadi ambayo haina kiingilio, fulana, kifurushi cha intaneti, ni jambo jepesi zaidi, ila nayo andika masharti yake.

Siku yenyewe na wiki zinazofata

Achia jumanne au jumatano asubuhi. Ijumaa hapana, ikivunjika jumamosi utakuwa peke yako na watu wengi kuliko siku zote. Siku hiyo usiguse programu isipokuwa kuna moto, kaa uangalie namba nne: wangapi wamefungua, wangapi wamemaliza mechi ya kwanza, walisubiri muda gani kupata mpinzani, na kesho yake wangapi wamerudi. Kama watu 100 wamefungua na 30 tu ndo wamemaliza mechi, hakuna ligi wala mashindano yatakayookoa hapo, kuna kitu kwenye mechi yenyewe na ndo kazi yako ya wiki hiyo.

Apdeti ya kwanza iwe ya marekebisho matupu, ndani ya wiki mbili, na uandike ulichorekebisha kwa maneno ya mchezaji. "Kete ilikuwa inaganda ukipokea simu, sasa haigandi." Usiandike "maboresho mbalimbali", hakuna anayesoma hiyo. Watu wakiona jambo walilolalamikia limetajwa wanaanza kuleta ripoti nzuri zaidi, na hapo ndo unapata wale watatu wanne ambao wanaijua gemu yako kuliko wewe. Watunze hao.

Kwenye kuchagua kinachofata utasikia sauti nyingi za chati. Watu wote wanataka chati. Mi naiweka mwisho kabisa, kwa sababu chati inakuja na matusi, matapeli wa "nitumie hela kwenye namba hii", watoto wamo humo, na wewe ndo unatakiwa kusimamia usiku kucha. Sentensi kumi zilizotayarishwa za kubonyeza, "umenibana", "haraka basi", "mechi nzuri", zinatosha kwa muda mrefu na zinafanya kazi hata mtu wa Dar akicheza na wa Bujumbura.

Kila kipengele kikija kipite njia ile ile, kiingie kimezimwa, watesti wako wiki moja, kisha asilimia 10 ya watu, uangalie zile namba nne hasa muda wa kusubiri, kisha wote. Kikishakaa mwezi na watu hawakigusi, kiondoe, hakuna atakayeandamana. Na kabla hujafuta upande wa seva ile sehemu inayohudumia toleo la zamani, angalia leo bado kuna wangapi wanalichezea. Wakiwa wamebaki wachache sana wawekee ujumbe wa kusasisha siku saba kabla, uandike na apdeti ina MB ngapi, ili mtu ajue kama bando lake linatosha au asubiri WiFi ya kazini.